Kalenda Kwanza

Kazi yenyewe haitazamwi. Chumbani huwa na watu wawili tu, anayeuliza na anayejibu, na mlango hufungwa. Anachoweza kukitazama mtu wa kalamu ni mazoezi: darasa la wauguzi, washauri nasaha na askari wa dawati la jinsia, ambamo mwanafunzi mmoja hujifanya mke anayepigwa na mwalimu huonyesha namna ya kuketi naye. Mwalimu niliyemtazama, huko Mombasa, ni muuguzi mtu mzima anayekaribia kustaafu. Darasa zima linamwita Sista, nami nitamwita hivyo hivyo.

Anachofundisha ni kupima hatari. Mwanamke amefika na jicho limevimba. Au hana jeraha lolote, ameleta mtoto anayekohoa, ila macho yake hayatulii. Je, huyu ana mume mgomvi, au ana mume atakayemuua? Kidonda cha leo hakiwezi kujibu swali hilo. Polisi wa Kenya wana fomu ya P3, wa Tanzania wana PF3, na zote mbili huandika kilichokwisha kutokea: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, lilitokana na nini. Sista anatafuta ambacho hakijatokea.

Chombo chake kilibuniwa na muuguzi mwenzake. Jacquelyn Campbell, Mmarekani, alipekua majalada ya polisi ya wanawake waliouawa Dayton, Ohio, akaona kwamba vifo vingi havikuzuka ghafla, vilitanguliwa na vipigo ambavyo watu walivijua. Mwaka 1985 akatunga maswali 15. Hakuyatunga peke yake ofisini. Aliwapelekea wanawake waliopigwa, wahudumu wa nyumba za hifadhi na polisi, wakayasahihisha. Baadaye yeye na wenzake wakafanya kazi kubwa zaidi: katika miji 11 ya Marekani walilinganisha wanawake 220 waliouawa na waume au wapenzi wao na wanawake 343 waliopigwa wakabaki hai. Waliokufa walisemewa na ndugu na marafiki zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na maswali yakapangwa upya yakawa 20, mazito yakitengwa na mepesi. Kwa hiyo kila swali analouliza Sista lina makaburi nyuma yake, na nadhani hilo ndilo linalomfanya asiharakishe hata moja.

Huanza na viti. Havitazamanishi uso kwa uso. Huviweka kwa pembe, ili mwanamke akitaka kuangalia dirishani aangalie bila kuonekana anakwepa. Kiti cha mgeni huwa upande wa mlango, na njia ya kuufikia haina meza wala ndoo. Maji yako mezani. Karatasi za kupangusia machozi zipo pia, lakini kando. Mwanafunzi mmoja alipozisogeza mbele, Sista alizirudisha. "Ukimpa kabla hajalia," alisema, "umemwambia alie."

Kisha kuna suala la wasindikizaji. Mume yuko kwenye benchi nje, au mama mkwe, au wifi mwenye simu mkononi. Sista hawaambii wabaki nje, maana kuambiwa hivyo ni kuarifiwa kwamba kuna jambo. Humwita mgonjwa akapimwe uzito, akatoe mkojo, mahali ambapo kwa kawaida mtu huingia peke yake. Mtoto aliyekwisha kujua kusema naye hubaki nje na mhudumu, kwa kuwa mtoto husimulia jioni bila nia mbaya.

"Karibu mwanangu, keti." Hilo ndilo la kwanza. La pili ni mipaka: yatakayosemwa yatabaki chumbani, isipokuwa mtoto akiwa hatarini, hapo yeye Sista ana wajibu wa kutoa taarifa. Analisema mapema, kabla hajaambiwa lolote, ili mwanamke achague mwenyewe atasema nini. Hasemi "usiogope". Nilimngoja alitamke neno hilo siku nzima, halikutoka. Mtu ambaye hofu yake ndiyo imemweka hai mpaka leo hafai kunyang'anywa hofu hiyo na mgeni.

Sasa kalenda. Ni karatasi moja yenye miezi 12 iliyopita, miraba midogo ya siku, na penseli yenye kifutio. Penseli, kwa sababu kumbukumbu hujisahihisha njiani. Wanafunzi wengi hutaka kuruka hatua hii waende moja kwa moja kwenye maswali. Sista huwaacha waruke mara ya kwanza, halafu huwafanya waanze upya.

Akiulizwa alipigwa tarehe ngapi, hakuna mwanamke anayejua. Basi Sista huanza kwa kuziweka siku ambazo hazina kipigo. Ramadhani iliingia lini. Shule zilifungwa lini. Zamu yako ya chama iliangukia mwezi gani. Mvua za masika, uji wa tohara ya mtoto, msiba wa jirani. Anaziandika ndogo ndogo pembeni, na karatasi tupu inaanza kuwa mwaka wa mtu. Ndipo anapouliza kama kuna siku mojawapo kati ya hizo iliyoharibika.

Mwanafunzi aliyeigiza, muuguzi mwenyewe na mama wa watoto, alijibu kwamba mumewe alimsukuma ukutani wakati fulani, hakumbuki.

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Dera jipya."

"La Idi?"

"La Idi. Lilichanika begani."

Sista akaweka alama kwenye mraba wa Idi, na pembeni ya alama akaandika namba. Namba hizo ni kutoka 1 hadi 5. Moja ni kofi au kusukumwa, bila jeraha wala maumivu ya kudumu. Mbili ni ngumi na mateke, michubuko na maumivu yanayoendelea. Tatu ni kipigo kikali, kuungua, mfupa kuvunjika. Nne ni kutishiwa silaha, au kuumizwa kichwa au ndani ya mwili. Tano ni silaha kutumika. Mkono wake hautangulii mdomo wa mwanamke. Penseli inakaa hewani mpaka sentensi iishe. Na sentensi ikikatika katikati, haimalizii yeye. Nimekaa na wahojiwa wengi katika kazi yangu, na najua jinsi ukimya unavyowasha ulimi wa muulizaji. Sista anauacha ukae mezani pamoja na maji.

Alama zilipofika kumi na kitu, alifanya jambo ambalo ningelikosa kama ningekuwa naandika. Aliigeuza karatasi imwelekee mwanamke, akalaza penseli, akaondoa mkono wake. Hakusema neno. Mwanzoni mwa mwaka palikuwa na moja, na nyingine mbali nayo. Kisha nafasi ndefu nyeupe, miezi ya amani, ile ambayo ndugu huitumia kusema ameshabadilika. Baada ya nafasi hiyo zikaja mbili na tatu, zikisogeleana, na mwezi wa mwisho zikawa karibu kila wiki. Mwigizaji aliitazama muda mrefu kuliko mchezo ulivyodai.

Hapo ndipo swali la kwanza la Campbell huulizwa: je, katika mwaka uliopita vipigo vimezidi kwa ukali au kwa idadi? Kalenda hutangulia kwa sababu iliyopimwa. Wakati chombo kilipokuwa kinatengenezwa, kati ya wanawake waliokuwa wamesema havijazidi, asilimia 38 walibadilisha jibu wakasema vimezidi baada ya kujaza kalenda. Hakuna aliyewabishia.

Maswali yanayofuata huulizwa kwa sauti moja. Mume hana kazi? Amewahi kutishia kukuua? Kuna mtoto nyumbani asiye wake? Anakufuata, anapekua simu yako, anakuachia ujumbe wa vitisho? Alikupiga ukiwa mjamzito? Amewahi kukulazimisha tendo la ndoa? Askari mmoja kijana, mwenye adabu zake, alipofika kwenye swali la kukabwa koo alishusha sauti. Sista akamsimamisha. "Ukishusha sauti, umemwambia ni aibu yake. Uliza kama ulivyouliza la kazi." Kijana akarudia. Mara ya tatu sauti ilikuwa imenyooka.

Kwenye swali la koo Sista hukaa. Kukabwa ndiko kunakopuuzwa kuliko yote, hata na anayekabwa, maana mara nyingi hakuachi alama ngozini. Mwanamke atasema "alinishika tu hapa". Hiyo "tu" humfanya Sista aweke penseli chini na kuuliza polepole: alitumia mkono mmoja au miwili, au kiwiko, au leso? Macho yaliingia giza? Sauti ilikauka kesho yake? Kumeza kuliuma? Ulijikojolea? Anatazama weupe wa macho na nyuma ya masikio, akitafuta vidoa vyekundu vya mishipa iliyopasuka. Mtu anaweza kuzirai ndani ya sekunde 10 shingo ikibanwa. Utafiti wa Nancy Glass, Campbell na wenzao uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mwenzi wake amewahi kumkaba uwezekano wa kuuawa naye unazidi mara saba ya mwingine anayedhulumiwa ambaye hajakabwa. Ndiyo sababu jibu la "ndiyo" hapa humpeleka mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anasema hana maumivu, kwa kuwa mshipa wa shingo uliojeruhiwa huweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye.

Swali la bunduki lina uzito mkubwa kwenye karatasi ya Kimarekani, na si ajabu: katika miji ile 11, mume kuwa na bunduki kulikuza hatari ya mauaji mara tano. Huku kwetu waume wengi hawana. Sista huliuliza vilevile, kwa kuwa kuna walinzi, kuna askari, kuna wanaoazima. Kisha huuliza kinachokaa nyumbani: panga la shamba, petroli ya bodaboda kwenye kibuyu cha plastiki. Darasa lilinyamaza kwenye petroli. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kushiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia; polisi walisema aliyefanya hivyo ni mpenzi wake wa zamani. Alifariki hospitalini Eldoret baada ya siku chache. Miaka mitatu nyuma, Iten, mkimbiaji mwingine, Agnes Tirop, alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake.

Na hapa nilimwona Sista akiwa fundi mwaminifu kwa kipimo chake. Jibu la petroli hakulipa alama. Hakuna aliyelipima, alisema, na namba ya kubuni ni uongo wenye sura ya hesabu. Akaliandika pembeni kwa maneno kamili, akalipigia mstari.

Kuna swali moja ambalo jamii yetu hulijibu kinyumenyume: umemwacha, au umejaribu kumwacha, katika mwaka uliopita? Watu husema kwa nini haondoki. Matokeo ya mwaka 2003 yanaonyesha kwa nini: mume mwenye kumtawala mkewe kupita kiasi, wakiachana baada ya kuishi pamoja, hatari ya mwanamke kuuawa hupanda mara tisa. Kwa hiyo Sista hamwambii mtu "mwache". Wala hamrudishi, kama wanavyofanya wazee wa baraza, na somo wa ndoa, na wakati mwingine chifu, kwa lile neno lao la mkayamalize nyumbani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania tangu 1971 inakataza kumpiga mwenzi, Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, na bado neno hilo husemwa kila Jumatatu. Kuondoka, kwa Sista, ni jambo la kupangwa kwa siri na kwa saa.

Karibu na mwisho mwanamke huulizwa kama anaamini mumewe anaweza kumuua. Jibu hili lina kanuni ya ajabu. Akisema ndiyo, aaminiwe. Akisema hapana, msikilizaji asipoe, kwa sababu karibu nusu ya waliouawa au kuponea chupuchupu hawakuwa wamejua ukubwa wa hatari yao. La mwisho kabisa huuliza kama yeye mwenyewe amewahi kutishia au kujaribu kujiua. Wanafunzi hulisahau. Sista halisahau.

Hujumlisha alama za majibu mbele ya mwanamke, penseli ikionekana. Chini ya alama 8, hatari ni ya kubadilika. Kutoka 8 hadi 13, imeongezeka. Kutoka 14 hadi 17 ni kali. Kuanzia 18 ni ya kupindukia. Kwenye karatasi hii hakuna mahali palipoandikwa "salama". Ngazi ya chini kabisa ni ile ya kubadilika. Mwigizaji alipata 21.

Namba hiyo haisomwi kama matokeo ya mtihani. "Mwanangu," Sista alisema, "wanawake waliojibu kama wewe walikuwa kwenye hatari kubwa sana. Nina hofu juu yako." Akanyamaza. Hakusema utauawa, maana hajui, na kipimo hakitabiri. Kinasema tu watu wa namna hii wamefikwa na nini. Mwigizaji aliuliza, "Sasa nifanye nini?" na sauti yake ilikuwa yake mwenyewe, haikuwa ya mchezo.

Kinachofuata ni vitu vidogo vidogo, na Sista huvitaja kimoja kimoja. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, nauli, dawa: vikae wapi, kwa nani ambaye mume hamshuku? Mlango upi hufunguka bila kelele? Jirani gani akisikia neno fulani ataelewa apige simu? Namba ya 1195, ya bure nchini Kenya, ihifadhiwe kwa jina la fundi nguo. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni penye visu wala chooni pasipo na mlango wa pili. Karatasi yenye alama haiendi nyumbani naye. Inabaki kabatini kwa Sista, na funguo ni mbili.

Askari darasani walilalamika, kwa haki, kwamba wao hawana muda huo; wao hufika mlangoni usiku, watoto wanalia na mtuhumiwa yuko kwenye Land Rover. Sista aliwapa mfano wa Maryland, Marekani, ambako tangu 2005 askari hutumia maswali 11 yaliyotokana na kazi ya Campbell. Matatu hutangulia: ametumia silaha dhidi yako au kukutishia nayo? Ametishia kukuua wewe au watoto? Unadhani anaweza kujaribu kukuua? "Ndiyo" moja tu kati ya hayo yatosha. Zikiwa zote hapana, "ndiyo" nne katika manane yanayobaki zinatosha pia, na askari akiona hatari ambayo maswali hayakuikamata anaruhusiwa kufuata anachokiona. Kisha hapo hapo, akiwa bado mlangoni, anapiga simu kwa kituo cha msaada na kumwomba mwanamke azungumze. Halazimishwi. Lakini simu inalia tayari, na mtu upande wa pili ana jina.

Walifanya mazoezi ya simu hiyo mchana kutwa. Ilishangaza jinsi ilivyo ngumu kumpa mtu simu bila kumsukuma. Mmoja aliinyoosha kama anayekabidhi hati ya mashtaka. Mwingine alieleza mno mpaka mwanamke akachoka. Yule kijana wa sauti ya chini ndiye aliyeipata: alisema nani yuko kwenye simu, akasema yeye atasimama pale karibu na ngazi, akaiweka simu juu ya kiti kilichokuwa kati yao, akarudi nyuma hatua mbili. Sista hakumsifu. Alimwambia arudie hivyo hivyo, darasa liangalie miguu yake.

Namba ikiwa kubwa, mtu mmoja hatoshi kuibeba. Newburyport, Massachusetts, kituo cha msaada kilianzisha mwaka 2005 kikao cha kesi za hatari kubwa, baada ya mwanamke waliyemjua kuuawa na mumewe akiwa na amri ya mahakama mkononi. Polisi, waendesha mashtaka, maafisa wa uangalizi, hospitali na kituo hukaa meza moja kuulizana: mume anatoka jela lini, bunduki zake ziko wapi, nani atampigia mama simu asubuhi hiyo. Sista amejaribu mfano wa hicho kwa njia ndogo, na mzigo wake mkubwa, anasema, ni kumpata mtu wa mahakama aje kwa wakati.

Kabla ya kufunga jalada la mazoezi aliandika tarehe nyingine juu ya karatasi. Kipimo hurudiwa kila jambo linapogeuka: mume akifutwa kazi, dhamana ikitolewa, kesi ikiahirishwa, mwanamke akipata mimba, akihamia kwa mamake, akirudi. Wengi hurudi, na akirudi Sista humpa kiti kile kile na kuchukua kalenda mpya. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama haichoshi kuanza Ramadhani upya, shule upya, zamu ya chama upya, kwa mtu yule yule kwa mara ya nne. Sista alikuwa anachonga penseli. Akamwambia akae kwenye kiti cha muulizaji, sasa ni zamu yake, na aanze na mwezi wa kwanza.